Mrija mgumu si dalili kwamba kiinitete ni kizima

“Si bado umeganda?” Swali hili wahimilishaji wenzangu, wanaopandisha ng'ombe kwa mrija, kuanzia Arumeru hadi Hai, hawajaacha kuniuliza kila mrija unapotolewa kidogo kwenye baridi, na limenichosha. Mrija uliogandishwa unaweza kuwa mgumu kabisa na kiinitete cha ng'ombe kilichomo, yaani mimba changa ya kupandikizwa, kimeshakufa.

Kwenye naitrojeni ya nyuzi hasi 196 kiinitete hukaa miaka mingi bila kuchakaa. Kinachokiua ni barafu, wakati joto linaposhuka hadi huko na wakati linapopanda. Kushuka ni kazi ya maabara. Tuyaache hayo.

Balaa liko shingoni mwa mtungi wa naitrojeni. Mtu anainua kikopo chenye mirija hadi mdomoni mwa mtungi asome jina la fahali, maandishi hayaonekani, anamwita mwenzake amulike tochi, kisha anarudisha. Mrija ule ni wa mililita 0.25, joto linaupata ndani ya sekunde chache. Ukipanda kupita nyuzi kama hasi 130, chembe ndogo za barafu zinaanza kuungana na kukua, na zinaumiza seli. Ukiurudisha utapoa tena, lakini seli zilizoumia hazitapona.

Najua mazoea haya yanatoka wapi. Yametoka kwenye mbegu za fahali. Mrija wa mbegu una mamilioni; zikifa nyingi, zilizobaki bado zinaweza kumpa ng'ombe mimba, nawe usijue kama uliharibu. Mrija wa kiinitete una kimoja tu. Hakuna akiba.

Tena hata darubini hainipi uhakika. Nimeyeyusha viinitete vya kupendeza, ganda la nje zima, seli zimeshikana, nikapandikiza kwa mpokezi, ng'ombe wa kubeba mimba hiyo, aliyepata joto la kutaka dume siku 7 kabla, kama inavyotakiwa, na bado akarudi kwenye joto, yaani hakushika mimba. Wa kulaumiwa anakuwa ng'ombe, au malisho.

Kwa hiyo weka daftari la kila kikopo na kilichomo, usitafute kwa macho. Kikopo kisipite utando wa barafu shingoni, na mrija utolewe kwa kibano. Ukishautoa kwa kazi, uache hewani sekunde 5 hadi 10 ili ganda la kiinitete lisipasuke, ndipo uutie kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Na kama mrija ulikaa mdomoni mwa mtungi, mwambie mfugaji kabla hajalipa.