Kura Hazikutosha: Chama Kilichoangushwa Kinaanzia Wapi?

Swali langu la kwanza kwa katibu wa chama kilichotoka kushindwa huwa moja tu: daftari la wanachama liko wapi? Miaka inapita, majibu ni yale yale. Liko kwa mwenyekiti wa zamani, na siku hizi haongei na mtu. Lilikuwa ofisini, mwenye nyumba akapiga kufuli kwa sababu ya pango. Katibu mmoja wa tawi hapa Moshi, upande wa Pasua, aliniambia liko kwenye simu ya kijana aliyekuwa akiandikisha wanachama, na kijana mwenyewe ameenda Mererani kutafuta tanzanite. Nikamuuliza, na simu ameenda nayo? Akacheka. "Mwalimu na wewe!"

Sikuanzia kwenye siasa. Nilikuwa nafundisha makatibu wa vyama vya msingi vya kahawa kutunza vitabu, huku mlimani ambako KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ipo tangu 1933 na mkulima anajua kwamba jina lisipokuwa kitabuni, malipo hayapo. Baadaye vyama vya siasa navyo vikaanza kuniita kwenye semina zao. Vimeshaniita vitatu, mahasimu wao kwa wao, na sina kadi ya hata kimoja. Haya ninayoandika nimeyaokota kwenye makaratasi yao baada ya uchaguzi, wakati wakubwa wao wako kwenye televisheni wakirushiana maneno.

Maana chama kikianguka, macho yote hukimbilia juu. Nani ajiuzulu, nani alinunuliwa, nani mamluki. Huku chini, mweka hazina wa tawi ameacha kudai ada kwa sababu anaona aibu. Kikao cha mwezi kimeahirishwa, kinachofuata hakikuitwa kabisa. Bendera pale kijiwe cha bodaboda imepauka mpaka mgeni hawezi kujua ni ya chama gani. Hayo hayatangazwi na mtu, na ndiyo yanayoua.

Sisi wa Kilimanjaro hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1995 Augustine Mrema, mtoto wa Vunjo aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu, alitoka CCM akagombea urais kupitia NCCR-Mageuzi. Wa rika langu tunakumbuka gari lake likisukumwa na watu kwa mikono. Alipata karibu asilimia 28 ya kura, na chama kikapata wabunge 16 wa majimbo. Kwa chama kichanga vile, kushindwa kwa namna hiyo kulikuwa mtaji. Lakini mwenyekiti Mrema na katibu mkuu wake, Mabere Marando, wakafarakana, chama kikawa kambi mbili, na 1999 Mrema akahamia chama kingine, TLP. Uchaguzi wa 2000 ulipofika, NCCR iliambulia mbunge mmoja wa jimbo, na Mrema mwenyewe hakufikisha asilimia 8. Wahenga walisema wajenga nyumba moja hawagombei fito. Hawa waligombea hadi misumari.

Sasa tazama jirani yao. CHADEMA mwaka huo wa 1995 ilikuwa na wabunge watatu tu wa majimbo, na kwenye urais ilimuunga mkono Mrema huyo huyo. Mwaka 2000 ikachukua Moshi Mjini, ambayo Philemon Ndesamburo aliishika kwa miaka 15, na Hai kwa Freeman Mbowe. Mwaka 2005 Mbowe akagombea urais, akazunguka nchi kwa chopa, akapata chini ya asilimia 6. Ukisoma namba hiyo peke yake utasema safari imeishia hapo. Miaka mitano baadaye mgombea wao, Dk. Willibrod Slaa, alipata zaidi ya asilimia 26.

Katikati pale palikuwa na mambo mawili. La kwanza, walipata cha kusema: Septemba 2007 Slaa alisoma orodha ya waliotuhumiwa ufisadi pale Mwembe Yanga, Temeke, na kuanzia hapo mtu wa kawaida akajua chama kile kinasimamia nini bila kuelezwa. La pili ni zile ziara za Operesheni Sangara, vijijini huko, kufungua matawi. Watu wengi wanaikumbuka chopa. Mimi nilikuwa naulizia matawi, kwa sababu chopa ikiruka haiachi katibu nyuma.

Basi kazi inaanzaje? Kwa fomu za matokeo za vituo. Huwa nawaambia wazilete zote, hata kama zimelowa, hata kama ziko kwenye kiroba cha salfeti pamoja na fulana zilizobaki. Tunazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vituo ambavyo tawi lilikuwa hai na wakala wa chama alikaa kulinda kura mpaka mwisho, ila kura hazikutosha. Fungu la pili, wakala alikuwepo ila tawi ni jina tu. Fungu la tatu ni vituo ambavyo hata fomu hatuna, kwa sababu hakukuwa na wakala, au alikuwepo asubuhi, saa nane mchana njaa ikamtoa, akaenda kutafuta chakula na hakurudi.

Ugomvi huanzia kwenye hilo fungu la tatu. Viongozi wanataka vituo vile viwe ushahidi kwamba wameibiwa. Sikatai kwamba kura huibiwa, nimeishi nchi hii. Lakini kituo ambacho hukuwa na mtu huwezi kukisemea lolote, hata kama unalosema ni kweli. Kinachokuambia wapiga kura wanakuonaje ni fungu la kwanza tu, na kwa kawaida ndilo dogo kuliko yote. Katika chama kimoja halikufika robo ya fomu. Mwenyekiti wao wa wilaya alilitazama muda mrefu, kisha akauliza chai inaletwa saa ngapi.

Kubadilisha sura ya mgombea ndiyo dawa inayopendwa zaidi, na siiamini sana. Huko Ghana, chama cha NDC kilitolewa madarakani mwaka 2000, kikashindwa tena 2004, na 2008 kikarudi na mgombea yule yule, John Atta Mills, kwenye duru ya pili, kwa tofauti ya kura kama elfu 40 kati ya kura milioni 9. Ukishinda kwa upenyo wa namna hiyo unajua kila wakala aliyevumilia njaa alikuwa na thamani gani. Zambia nako Hakainde Hichilema alianguka mara tano kabla ya kushinda urais 2021. Kwa upande mwingine, hapo Kenya, ng'ambo ya Taveta tu, KANU ilitawala tangu 1963, ikaanguka 2002, na uchaguzi uliofuata haikuwa hata na mgombea urais. Ilikuwa imezoea kulishwa na serikali. Serikali ilipoondoka, hakuna aliyejua kukusanya ada.

Kwetu sisi mtego huo unaitwa ruzuku, fedha ambazo serikali huvipa vyama. Inagawanywa kwa kuangalia wabunge na kura, kwa hiyo siku unayoshindwa ndiyo siku unayofilisika. Chama kinacholipa pango na makatibu wake kwa ruzuku peke yake hufunga ofisi kabla hakijamaliza kulaumiana. Chenye ada, hata za kuungaunga, kina cha kuanzia.

Tena usitegemee jukwaa. Kuanzia 2016 mpaka Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa. Waliozoea kukusanya watu uwanjani na kuwapa hamasa wakabaki bubu. Waliokuwa na mjumbe anayeweza kuingia nyumba ishirini na kupewa kiti waliendelea kuongea, polepole. Nafahamu wanachama waliopotea kipindi kile kwa "kuunga mkono juhudi", yaani kuhamia CCM, na nafahamu matawi ambayo hayakupoteza hata mmoja. Yote hayo yalikuwa chini ya chama kimoja, katika wilaya moja.

Juu ya ratiba sina mengi. Anza na serikali za mitaa. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua za utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Jina lake linajulikana kuliko la mbunge. Anayekimbilia ubunge bila kupita huko anaanza kujenga na bati.

Juzi yule katibu wa Pasua alinipigia. Kijana wa Mererani hajarudi na simu aliiuza. Wameanza upya kwa kaunta buku, nyumba kwa nyumba, na wamefika majina 61. Waliolipa ada ni 14. Mfukoni kuna elfu thelathini. Alitaka kujua wanunue bendera mpya au iwe nauli ya wajumbe kumalizia mitaa iliyobaki. Nikamwambia bendera isubiri.

Akanyamaza kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema, "ila pale kijiweni watatucheka."