HMS Victory haielei

Wengi hudhani HMS Victory, merikebu ya kivita ya amirali Mwingereza Nelson iliyoko Portsmouth, Uingereza, ndiyo manowari kongwe kuliko zote zinazoelea. Sivyo. Ilishushwa majini Chatham mwaka 1765, na kweli bado imo kwenye orodha rasmi ya jeshi la majini la Uingereza, lakini tangu Januari 1922 imekaa gudini, pakavu. Inayoelea ni manowari ya Marekani, USS Constitution ya Boston, ya mwaka 1797.

Ukavu nao una gharama yake. Baharini maji huubeba uzito sawasawa. Gudini uzito huo uliangukia mkuku, yaani boriti kuu ya chini, na vishikizo vichache, mbao zikabonyea. Ndiyo maana sasa imeegemezwa kwa nguzo 134 za chuma zinazopimwa mzigo na kurekebishwa. Mvua ndiyo mbaya zaidi: maji yasiyo na chumvi hupenya sitaha na kuleta kuvu linaloozesha mbao.