Maana ya kani na sheria tatu za mwendo

Kani ni msukumo au mvuto unaobadili mwendo wa kitu: hukianzisha, hukisimamisha, hukiongezea kasi au hukigeuza upande. Hupimwa kwa nyutoni. Wengi tunaamini kitu kinahitaji kani ili kiendelee tu kwenda. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye aliamini hivyo, na fikra hiyo ilidumu karne nyingi mpaka mwanasayansi Mwitalia Galileo alipoitikisa na Mwingereza Isaac Newton akaizika kwa sheria tatu za mwendo katika kitabu chake cha mwaka 1687.

Chukua mkokoteni wa punda wa kubebea maji huku vijijini Dodoma. Madumu kumi ya lita 20 yakijaa ni kilo 200 za maji, bado mkokoteni wenyewe. Punda akiacha kuvuta, mkokoteni unasimama, nasi tunasema kani imekwisha ndiyo maana mwendo umekwisha. Sivyo. Uliousimamisha ni msuguano wa ekseli, na mchanga ulioshika matairi. Sheria ya kwanza inasema kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, ila kani isiyosawazishwa, yaani isiyofutwa na kani nyingine, ikikigusa. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ikishafika kilomita 160 kwa saa kwenye reli tambarare iliyonyooka, na kasi isipobadilika, mota zake zinapambana na hewa na msuguano tu. Jumla ya kani zote juu yake ni sifuri, na bado inakimbia!

Sheria ya pili inaleta hesabu: jumla ya kani ni sawa na tungamo mara mchapuko, yaani kilo za kitu mara kiasi ambacho kasi yake inabadilika kila sekunde. Basi linatoka Dodoma kwenda Morogoro kwa kilomita 72 kwa saa, ambazo ni mita 20 kwa sekunde. Dereva akifunga breki na kusimama kwa sekunde 5, abiria wa kilo 70 anahitaji kani ya nyutoni 280 ili asimame pamoja na basi. Hiyo inavumilika. Basi likigonga kitu na abiria huyohuyo akasimamishwa kwa sekunde 0.1, kani inapanda hadi nyutoni 14,000, zaidi ya uzito wa tani moja. Kasi ni ileile na mtu ni yuleyule. Kilichopungua ni muda. Mkanda wa kiti unasaidia kwa kuurefusha muda huo, na wanaoukalia badala ya kuufunga wafanye hesabu hii wenyewe.

Sheria ya tatu ndiyo inayowachanganya wanafunzi: kila kani ina kani pacha, sawa kwa ukubwa, inayoelekea upande wa pili. Punda anavuta mkokoteni, na mkokoteni unamvuta punda kwa kiasi kilekile. Mbona basi hazifutani? Kwa sababu kila moja iko juu ya kitu chake. Kani ya punda iko juu ya mkokoteni, na ya mkokoteni iko juu ya punda. Ukitaka kujua kama punda ataondoka, tazama kwato zake: anaisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi inamsukuma mbele. Msukumo huo ukizidi mvuto wa mkokoteni, anaondoka. Akiingia kwenye korongo lenye mchanga mwingi, mchanga unateleza chini ya kwato na msukumo wa ardhi unapungua, huku matairi yanazama na mkokoteni unazidi kuwa mgumu. Hapo mwenye punda hushuka kusukuma, naye pia hutafuta kwanza mahali pagumu pa kukanyaga.