Je, wajua? Mwalimu mkuu akihamishwa bila ridhaa yake, kesi yake haiamuliwi na ridhaa

Shule za Kenya zinapokaribia kufunguliwa Januari, kuna walimu wakuu wanaopokea barua za uhamisho ambazo hawakuziomba. Wengine hufunga virago. Wengine huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, na kati ya hao wapo wanaoshinda. Wanashindaje, ikiwa mwajiri wao ana haki ya kuwahamisha?

Jibu linalosikika sana vyumbani mwa walimu ni kwamba mtu hawezi kuhamishwa bila kukubali. Si kweli, na ni kosa la gharama, kwa sababu huwapeleka watu kortini wakiwa wameshika hoja dhaifu kuliko zote walizo nazo. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kinaipa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kazi ya kuajiri walimu, kuwapangia shule za umma, kuwapandisha vyeo na kuwahamisha. Ridhaa ya mwalimu haikutajwa. Sheria ya Ajira ya 2007, katika sehemu ya 10, inaweka mahali pa kazi miongoni mwa mambo ya kuandikwa kwenye mkataba na kusema mabadiliko yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi. Lakini mwajiri aliyekusikiliza, akapima maneno yako, kisha akashikilia uamuzi wake, ameshashauriana nawe. Isitoshe, mwalimu mkuu ameajiriwa na tume, si na shule anayoiongoza.

Kinachowaokoa wanaoshinda ni Kifungu cha 47 cha Katiba hiyohiyo, pamoja na Sheria ya Haki katika Hatua za Utawala ya 2015. Uamuzi wa ofisi ya umma lazima uwe halali, wa busara, na ufikiwe kwa utaratibu wa haki. Anayeelekea kuumia apewe notisi ya kutosha na nafasi ya kusikilizwa, tena aelezwe sababu kwa maandishi.

Mfikirie refa kocha anapobadilisha mchezaji. Refa hamuulizi anayetolewa kama ameridhika, wala hamwambii kocha kwamba angemtoa beki badala ya winga. Kazi yake ni kuangalia kama nafasi za kubadilisha zimebaki, kama anayeingia amesajiliwa, kama ameingia kwa njia inayotakiwa. Utaratibu ukivunjwa, anazuia, hata kama wazo la kocha lilikuwa zuri. Jaji hukaa hapohapo. Ila mfano huu una mwisho wake: katika soka mchezaji akigoma kutoka, mchezo huendelea naye uwanjani, kama alivyofanya kipa Kepa wa Chelsea kwenye fainali ya Februari 2019. Mwalimu mkuu akigoma kuripoti anaweza kufunguliwa mashtaka ya nidhamu.

Kwa hiyo jaji huisoma barua yenyewe. Iliandikwa tarehe gani, na inamtaka aripoti lini? Sababu imetajwa, au imeandikwa tu kwamba ni kwa mahitaji ya huduma? Je, kulikuwa na vyeti vya daktari ambavyo hakuna aliyevitazama? Zito kuliko yote ni uhamisho unaotumiwa kama adhabu: mtu anatuhumiwa, hafikishwi mbele ya kamati ya nidhamu, anahamishiwa mbali. Hapo mamlaka ya kuhamisha yametumika kwa kazi ambayo hayakupewa.

Kesi nyingine hufa mapema, kwa kuwa sheria ya 2015 inataka njia za rufaa za ndani zimalizwe kwanza. Zinazobaki huamuliwa kwa kiasi kikubwa na agizo la muda, yaani la kusimamisha uhamisho hadi kesi isikilizwe. Kipimo chake kinatoka kwenye kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kuna kesi ya kusikilizwa? Kuna hasara isiyofidika? Jaji akibaki na shaka, nani ataumia zaidi? Swali gumu ni hali ilivyo shuleni siku jaji anapoombwa agizo hilo. Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi ya usimamizi. Akishakabidhi funguo na vitabu vya hesabu, na mrithi wake akasajili saini benki, agizo la kusimamisha uhamisho halina tena cha kusimamisha. Siku chache za kusita zinaweza kuizika haki yenye uzito.

Mwaka 2018, TSC ilipoanza kuwahamisha walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao za nyumbani, chama cha walimu cha KNUT kilikwenda kortini. Mwaka 2022 Bunge la Kitaifa likapitisha hoja ya kutaka sera hiyo ikomeshwe, ingawa hoja ya bunge si sheria.

Ridhaa inayotafutwa hapa imo katika sheria ya shule za umma ya Pennsylvania, Marekani, ya 1949: mwajiriwa wa aina hii hashushwi mshahara wala aina ya wadhifa bila kukubali, na asipokubali ana haki ya kusikilizwa mbele ya bodi ya wakurugenzi wa shule. Hata huko, asiyeshushwa hana ridhaa ya kudai, ndiyo maana mabishano huangukia swali la iwapo kazi mpya ina mamlaka na heshima pungufu. Mwalimu mkuu wa Kenya anayetolewa shule kubwa ya bweni na kupelekwa shule ndogo ya kutwa, hati yake ya mshahara ikiwa ileile, hana kifungu cha kumpa swali hilo. Itambidi aliulize kupitia busara ya uamuzi chini ya Kifungu cha 47, na aliulize kabla hajakabidhi funguo.