"Semina tulishafanya": dhana potofu kuhusu kugharamia mafunzo ya mafundi wa sola na maji

Nimeisikia tena, safari hii kwa simu. "Mafundi wetu walishafunzwa, mkandarasi alitoa semina ya siku tatu wakati wa kukabidhi mradi." Aliyepiga ni katibu wa chombo cha maji kijijini, na alipiga kwa sababu pampu ya sola imegoma na wanakijiji wameanza kuchangishana wanunue mpya.

Katibu, semina ya siku tatu si mafunzo ya ufundi. Hayo ni makabidhiano yenye chai na maandazi. Wanaokaa viti vya mbele ni mwenyekiti, mweka hazina na mtendaji. Kijana atakayebaki na pampu anaitwa dakika za mwisho. Anaonyeshwa pa kuwashia, pa kuzimia, na taa nyekundu ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uendeshe pampu. Ikiwaka afanye nini? Ampigie mkandarasi, ambaye kipindi chake cha uangalizi kikishaisha hapokei simu.

Pampu ya katibu haikuwa mbovu. Waya wa kihisi cha kina cha maji kisimani ulikuwa umekatika, inveta ikadhani kisima kimekauka, ikakataa kuwasha. Mwenye multimita, yaani kipimo cha umeme cha mkononi, na akili ya kuitumia angemaliza kazi kabla ya chai ya saa nne.

Huo ni upande wa hasara. Upo na wa hatari. Paneli zilizofungwa mfululizo kuendesha pampu ya kisima kirefu hutoa mamia ya volti za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Umeme wa gridi ya TANESCO hugeuza mwelekeo, kwa hiyo hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche yake hupata nafasi ya kujizima. DC haina hiyo nafasi. Chomoa kiunganishi cha paneli mchana wa jua kali bila kukata swichi kwanza, uone cheche inavyoendelea kuwaka mpaka plastiki iyeyuke. Jambo hili halifundishwi kwa slaidi. Linataka wiki nyingi za kushika waya huku mwalimu amesimama pembeni.

"Pesa hatuna." Tupige hesabu. Washiriki 25, posho ya 40,000 kwa siku, siku tatu: milioni tatu, bado ukumbi. Ada ya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa kozi ndefu imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kwa hiyo pesa zipo, zinaliwa kwenye bahasha.

Ila msikimbilie upande wa pili mkadhani ada ndiyo gharama yote. Nauli, sare, vifaa vya mkononi, chakula cha wakati wa mafunzo kwa vitendo: humo ndimo vijana wengi wanamoachia njiani. Mfadhili akiniambia "tutalipa ada", namuuliza nani atanunua koleo na multimita. Ushauri wangu, na watu wamechoka kuusikia: gharama za kusomesha mafundi wawili ziwe kwenye andiko la mradi kabla ya bei ya paneli ya kwanza. Wawili, kwa sababu mmoja ataondoka. Mwacheni aende, huko aendako nako kuna pampu.

Dhana potofu nyingine nitazipitia haraka haraka.

"Tunalipa SDL, kwa hiyo VETA ina hela zetu zote." Tozo hiyo ya kuendeleza ujuzi imekuwa asilimia 3.5 ya mishahara tangu 2023, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo imekwenda VETA. Theluthi mbili zimekwenda mikopo ya elimu ya juu.

"Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi ni ya chuo kikuu tu." Tangu 2023/24 hata stashahada za fani za kipaumbele zimeingizwa, uhandisi wa nishati ukiwamo. Someni mwongozo wa mwaka husika, msisubiri kuambiwa na jirani.

"Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itatusomeshea vijana." Hapana. Hiyo ni mikopo ya vikundi kwa ajili ya biashara: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vijana wakishahitimu na kuunda kikundi cha kufunga sola, hapo ndipo mwende.

"Kazi za kijani, zile za kulinda mazingira, ni sola tu." Anayetafuta bomba linalovuja usiku wa manane naye yumo. Kila lita iliyopotea ilishapandishwa kwa nishati ya mtu.

"Fundi wa mtaani lazima aanze darasa la kwanza." VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: anapimwa, anajaziwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Kijana anayeangalia pampu ya yule katibu nimemwelekeza huko. Katibu ameniuliza kama kuna posho.