Manispaa Ndogo Ianze na Majani ya Mgomba

Kila ninapoulizwa halmashauri yenye mapato madogo ifanye nini ili kutunza mazingira, muulizaji huwa anatarajia nitaje taa za sola au mabasi ya umeme, na jibu langu humvunja moyo kidogo: ianze na taka za sokoni.

Natoa mfano wa Manispaa ya Moshi, ambayo wengi wanaijua kwa usafi na kwa nafasi za juu ilizoshika mara nyingi katika mashindano ya kitaifa. Sensa ya 2012 ilihesabu humo watu 184,292, na katika ile ya 2022 idadi ikapita 200,000. Ndizi za kuwalisha huteremshwa kutoka vihambani, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mikungu ikishapata wanunuzi, sokoni hubaki vikonyo, majani ya migomba, maganda na kabichi zilizooza. Kufagia soko ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo mgeni haioni, ni kule yanakopelekwa yaliyofagiliwa.

Taka hizo kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo halmashauri inayozipakia kwenye tipa kuzipeleka dampo inanunua dizeli ya kusafirishia maji. Zikishafukiwa huko chini ya taka nyingine, hukosa hewa, na vijidudu vinavyoishi bila oksijeni huzigeuza kuwa methane, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Rundo hilohilo likipata hewa, huwa mboji.

Mamlaka ya kulifanya hili yapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka halmashauri ziwe na afisa wa mazingira na zisimamie taka ngumu katika maeneo yao, na mamlaka za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu 1982. Kinachokosekana mara nyingi ni mpangilio. Katika mji mmoja niliofanyia kazi tuligawa mapipa ya rangi tatu, wafanyabiashara wakatenganisha taka kwa uaminifu, hadi asubuhi moja muuza mchicha aliposhuhudia mapipa yote matatu yakimwagwa ndani ya tipa moja. Akaniita: “Bwana afya, sisi tunatenganisha, nyinyi mnachanganya?” Sikuwa na jibu, na wiki iliyofuata mapipa yalikuwa yanahifadhia maji.

Tangu hapo ushauri wangu ni kutafuta kwanza eneo la mboji karibu na soko, kisha gari, na mapipa yaje mwisho. Mtambo wa gharama hauhitajiki. Marundo yenye kimo cha kama mita moja na nusu, yaliyochanganywa majani mabichi na makavu au pumba, hupanda joto hadi kati ya nyuzi 55 na 65, kiasi cha kuua mbegu za magugu na vimelea vingi, mradi yapinduliwe mara kwa mara ili kila upande upate joto hilo. Unyevu tunaupima kwa kiganja: ukikamua konzi ya mchanganyiko, litoke tone moja au mawili; likitiririka ongeza makavu, likikosekana nyunyiza maji. Baada ya miezi miwili hadi mitatu kinachobaki ni cheusi, hakinuki, na kimepungua sana.

Wa kuifanya kazi hiyo hawako mbali. Tangu 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi cha mboji kinastahili kama kile cha bodaboda. Lakini mkopo bila mteja ni mzigo, kwa hiyo halmashauri yenyewe iwe mnunuzi wa kwanza, kwa ajili ya vitalu vyake vya miti na bustani zake, huku wakulima wa jirani wakiizoea bidhaa. Nao hawadanganyiki: anayekuta kigae cha chupa kwenye gunia la kwanza hanunui la pili, ndiyo maana fedha za mwanzo ningezipeleka kwenye meza ya kuchambulia kabla ya kufikiria mashine ya kusagia.