Magari ya farasi na familia ya Studebaker: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi hulijua jina Studebaker kwa motokaa za zamani. Kabla ya motokaa hizo, familia hiyo ilitengeneza magari ya kukokotwa na wanyama kwa nusu karne, na biashara hiyo imezushiwa mengi.

Dhana: Wahamiaji wa Marekani walielekea magharibi ndani ya magari makubwa ya Conestoga, yakivutwa na farasi.

Conestoga lilikuwa gari la mizigo la Pennsylvania, zito mno kwa safari ndefu ya kwenda Oregon, magharibi ya mbali. Familia zilitumia magari mepesi ya shambani yaliyofunikwa turubai, na nyingi zilifunga maksai, kwa kuwa ni wavumilivu, wa bei nafuu na hutosheka na nyasi za njiani. Gari lilijaa unga na vyombo. Wenyewe walikwenda kwa miguu.

Dhana: Pete ya chuma kwenye gurudumu ilikuwa ya kuzuia mbao zisilike tu.

Ilizuia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kulibana gurudumu zima, na hapa ndipo ustadi wa mafundi hawa unapostahili heshima. Gurudumu lilikuwa na kitovu, njiti, na vipande vya mbao vilivyounganishwa kuwa duara. Mhunzi aliifanya pete iwe ndogo kidogo kuliko duara hilo, akaichoma hadi ikatanuka, kisha wakaivisha kwa koleo. Mbao zilianza kufuka moshi, na papo hapo pete ikamwagiwa maji. Chuma kiliposinyaa, kila kiungo kilikaza. Kama mbao zilikuwa bado mbichi, zilinywea baadaye na gurudumu likalegea. Ndiyo maana fundi makini alizianika muda mrefu kabla ya kuzigusa.

Dhana: Biashara kama hizi zilianzishwa na matajiri.

Henry na Clement Studebaker, watoto wa mhunzi, walifungua karakana South Bend, Indiana, Februari 1852, wakiwa na dola 68. Mdogo wao John alikwenda California mwaka 1853, dhahabu ilipokuwa gumzo. Fedha yake hakuipata kwenye dhahabu. Huko Placerville aliwaundia wachimbaji matoroli, hata wakampachika jina la utani la matoroli hayo, akarudi nyumbani 1858 na dola 8,000 hivi. Kwa fedha hizo alinunua sehemu ya Henry na karakana ikapanuka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jeshi likaagiza magari kwa wingi. Mwaka 1868 ndugu hao waliisajili kampuni.

Dhana: Motokaa ilipoingia, watengenezaji wa magari ya farasi walikwisha mara moja.

Wengi walifunga, lakini taratibu. Studebaker walitoa gari la umeme 1902 na la petroli 1904, huku wakiendelea na magari ya farasi hadi 1920. Motokaa zao zilitengenezwa mpaka 1966, kiwanda cha mwisho kikiwa Hamilton, Kanada. William Durant, aliyeanzisha General Motors mwaka 1908, naye alitajirika kwanza kwa magari ya farasi huko Flint, Michigan. Ufundi wenyewe ulihamia kwenye motokaa: springi, viti, bodi za mbao. Hata Ford Model T iliuzwa na magurudumu ya njiti za mbao hadi katikati ya miaka ya 1920.